Ua la Mniko

Niliolewa na marehemu. Mnaotaka kucheka chekeni mmalize, nitawangoja.

Mama mkwe wangu, Mokami, alizaa wasichana na mvulana mmoja tu, Mniko. Huyo Mniko alikufa akiwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Wasichana wakaolewa, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, na nyumba ikabaki haina mwanaume. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi ikafa hivihivi. Mama mwenyewe anachukua ng'ombe, anakwenda kwa watu, anaoa binti kwa jina la mwanawe, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa jina hilo. Tunaiita nyumba ntobhu. Basi Mokami alifika kwetu, baba yangu akawakagua wale ng'ombe mpaka kwato, akaridhika, na mimi Wegesa nikawa mke wa Mniko. Mwanaume wa kunizalisha alikuwepo, lakini huyo kwa desturi si baba wa mtu, na jina lake silitaji.

Kwa hiyo mume wangu alikuwa kaburi, na juu ya kaburi palikuwa na ua.

Alizikwa kando ya mlango wa zizi, maana mwanaume, hata akiwa bado ananyonya, analala karibu na ng'ombe wake. Mokami alikwenda porini akachimba tunguu la ua, akalipanda pale juu. Ua lenyewe mnalijua, lile jekundu la mviringo, linalochomoza kwenye ardhi tupu mvua zikianza, halina jani hata moja, na shina lake lina madoadoa kwa chini. Majani yanakuja baadaye. Kiangazi kikiingia vyote vinanyauka na kupotea, unaweza kupita pale ukaapa kwamba hakuna kitu. Tunguu liko chini, limelala.

Kazi ya kulitunza ilikuwa yangu. "Wegesa, umempalilia mumeo?" Ndiyo salamu yangu ya asubuhi wakati wa mvua. Niweke mavi ya ng'ombe yaliyokwisha kukauka, yasiwe mabichi, mabichi yanaozesha. Nisimwage pale maji ya vyombo. Nisifukie shingo ya tunguu, shingo lazima ione jua. Nikifika kisimani wanawake wenzangu wananiuliza, "Mzee wako hajambo? Amekula?" Wanacheka mpaka maji yanawamwagikia. Nami nacheka nao, halafu narudi nyumbani nalipalilia lile ua kwa hasira mpaka mpini wa jembe unanichubua mikono.

Hasira yenyewe haikuwa ya kuchekwa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa jioni, akalia, na kesho yake akanyamaza. Hakuwa na jina bado. Mtoto wa namna hiyo wanawake wazee wanamchukua wenyewe wanakwenda kumzika, na mama yake haonyeshwi mahali. Wanasema akipajua atakuwa anakwenda kukaa pale, na tumbo lake litafunga. Nilimwuliza Mokami ni wapi. Akasema, "Usiulize." Nikalia, nikagoma kula, nikauliza tena. "Wegesa, nimesema usiulize." Nilizaa wengine baadaye, Waitara na mdogo wake Efrazia, wazima kabisa, lakini lile jambo halikunishuka kooni. Mtoto wake yeye ana ua la kupaliliwa na watu wazima, wangu hana hata kijiwe cha kumwekea alama. Nilimpikia Mokami, nilimchotea maji, nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa magoti, na nilimchukia. Nasema wazi.

Ndipo ikaja Operesheni.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa sabini na nne. Tukaambiwa watu wote tushuke mlimani, tukae pamoja kando ya barabara, tupate shule na zahanati na maji. Wengine walishuka wenyewe na mbuzi wao. Sisi tulijivuta mpaka lori likatufuata na mgambo juu yake, wakasema tuna muda wa kutoa vyombo tu. Wakati wanapanda juu ya paa kuling'oa nilimshika Mokami mkono nikamwambia, "Mama, tumchimbe Mniko tumpakie."

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Amelala. Aliyelala humwamshi kwa jembe. Mvua ikinyesha atatoka mwenyewe, ndipo tumfuate."

Huo ulikuwa mwiko kwetu, kaburi haliguswi wakati ua limelala, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana na kila mtu siku ile. Tukaondoka. Leo najua kwamba tunguu linahamishwa vizuri zaidi likiwa limelala, halisikii lolote. Hakuna aliyetuambia, na angetuambia tungemfukuza.

Kule chini, Mokami akishushwa kwenye lori, aliteleza akaangukia goti. Goti likavimba, na likaja kupona limekakamaa. Mlima aliushuka siku ile, hakuupanda tena.

Kijiji kilikuwa vumbi na miti ya kujengea iliyolala chini. Hatujamaliza kukandika nyumba, mwenyekiti wetu, Nikolaus, akaitisha mkutano. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti kubwa. Akatangaza kwamba kule mlimani tulikotoka kutakuwa shamba la ujamaa, mahindi matupu kutoka kwenye jabali hadi mtoni, na mvua zikilainisha ardhi trekta litakuja kulima. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, trekta sikuwa nimewahi kuliona karibu. Niliporudi nikamweleza Mokami, naye alikuwa amekaa mlangoni na goti lake.

"Hilo trekta linachimba mpaka wapi?"

Nilimwonyesha kiwiko, hivyo ndivyo walivyosema mkutanoni. Akatazama kiwiko changu. Halafu akajishika mkono wake mwenyewe juu kidogo ya kifundo, na mimi nikaelewa kwamba ndicho kina alichompandia mwanawe. Ua linatoka na mvua, na trekta linakuja na mvua. Kiangazi chote ua halionekani, na siku utakayoliona ndiyo siku watakayopalima.

"Utakwenda umlete mumeo," akasema.

"Kila siku nipande mlima, Mama?"

"Kila siku. Na ukikuta ua zaidi ya moja, usiache hata moja."

Nikasema moyoni, uzee huu na tamaa juu. Lakini kesho yake nilipanda.

Sikutambua kitu! Nyumba walizing'oa, miti wameishusha kijijini, mawe ya zizi yamebebwa kujengea msingi wa ghala, uzio wa minyaa umefyekwa, na moto umepita juu ya yote. Nilisimama juu ya majivu nikijiuliza mlango wangu ulikuwa upande gani. Nimekaa pale miaka, nimezaa pale, na nilikuwa nazunguka kama mgeni. Nikaenda hapa, nikaona ndipo palipokuwa jiko. Nikasogea nikaona hapana, jiko lilikuwa kule. Nilichimba mahali kwa jembe, mwiko usiwe mwiko, nikapata mizizi ya minyaa tu. Nikachimba pengine. Nikaacha kwa kuogopa kumkata.

Basi nikawa mtu asiyekaa. Naamka, naamsha moto, napanda. Narudi naingia kazi ya kijiji, kukanyaga udongo wa kukandika shule, na macho yangu yako mlimani. Usiku nikisikia upepo natoka nje kunusa kama una mvua. Waitara akiniita lazima aniite mara mbili. Chakula nilikuwa nakula nimesimama, na wenzangu wakasema Wegesa ameingiwa na kitu.

Na kule juu nilianza kusema na Mniko. Mwanzoni ilikuwa matusi. "Wewe mwanaume, toka! Watu wanalima!" Nikiwa peke yangu nani atanisikia? Halafu nikawa namweleza mambo. Kwamba Waitara ameng'oka jino. Kwamba Efrazia anaogopa lori. Kwamba mama yake hasemi lakini goti linamuuma mpaka anang'ata kitenge. Nilikuwa sijawahi kusema na mtu yeyote namna hiyo, bila kujibiwa wala kuambiwa nyamaza. Siku nyingine nilikuwa namaliza kutazama na bado nakaa kidogo.

Huku chini Mokami alikuwa amemwandalia kitanda. Hapo mlangoni, upande wa kulia, alichimba kwa mikono akiwa amekaa, akachanganya udongo na majivu na mavi makavu, akachagua mawe, akawa anapafagia kila siku kama sebule. Kuku akikanyaga, alikuwa anamrushia kijiti. Nikolaus alipita akihimiza watu wapande mihogo kwa mistari kwenye viwanja vyao. Akasimama.

"Shikamoo, mama. Hapa unapanda nini?"

"Marahaba. Mtu," akajibu Mokami.

Nikolaus alivua kofia, akaivaa tena, akaenda kwa jirani.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, ikapiga vumbi ikaondoka. Asubuhi nilipanda mbio. Hakuna. Mvua moja haimtoshi, anataka kulowa mpaka chini. Ya pili ikanyesha. Trekta, tukasikia, limekwama mjini, dizeli hakuna, na mimi nikashukuru Mungu kwa ukosefu wa dizeli. Ya tatu ikanyesha usiku kucha. Alfajiri nilishindwa kupanda, mto mdogo wa njiani ulikuwa umejaa, nikasimama ukingoni nikipiga miguu chini kwa hasira. Nikarudi kazini. Nilikuwa kwenye udongo mpaka magotini niliposikia mngurumo.

"Trekta hilo!" watoto wakapiga kelele, wakakimbilia barabarani. Lakini mngurumo haukutoka barabarani. Ulitoka juu. Lilikuwa limepitia njia ya jabali tangu asubuhi, na lilikuwa limeshaanza.

Niliacha kila kitu. Nikolaus akaita nyuma yangu, "Wegesa! Kazi ya kijiji!" Sikugeuka. Nilinyakua jembe la mtu nikaingia mtoni, maji yakanifika kiunoni, nikatoka ng'ambo, nikapanda ule mlima na kitenge kilicholowa kimenigandia miguuni. Kifua kilikuwa kinaniwaka. Nilikuwa nasema, "Ngoja, ngoja, ngoja," na sijui nilikuwa namwambia nani.

Upande wote wa chini ulikuwa umegeuzwa, matuta meusi yanatoa mvuke. Trekta lilikuwa linazunguka kurudi. Nikakimbilia upande wa juu ambao haujaguswa, nikatupa macho huku na kule, na nikaliona.

Jekundu! Moja tu, limesimama kwenye majivu, halina jani, kando ya mawe mawili bapa. Jamani, nilipiga yowe. Nikasema, haya ndiyo mawe ya mlango wa zizi, walishindwa kuyabeba, na huyu hapa mume wangu anayenitesa. Nikapiga magoti nikaanza kuchimba.

Trekta likaja likasimama hapohapo mbele yangu, linatetemeka. Dereva alikuwa kijana anaitwa Heche, wa upande wa Susuni, nilikuja kumjua baadaye. Akapiga honi.

"Mama, toka! Unachimba viazi?"

"Mura, kijana wewe, pitisha hilo dude lako juu yangu, halafu uende ukawaeleze kwetu umeniacha wapi!"

"Nimetumwa, mama. Jua linakwenda."

"Nami nimetumwa!"

Alinitazama. Akatazama ua. Akazima mashine, akashuka, akachuchumaa pembeni bila kunigusa. "Kuna mtu hapa?" akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kikurya. Nikamwitikia kwa kichwa. Akavua kofia yake akakaa nayo mkononi mpaka nilipomaliza. Kijana wa watu alikuwa na adabu, nitamsema vizuri siku zote.

Nililitoa na bonge lake la udongo. Tunguu lilikuwa kubwa kuliko ngumi, na mizizi yake minene, haikukatika hata mmoja. Nikalifunga kwenye kitenge, ua likachungulia nje, nikalibeba kifuani na kushuka. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani. Watu niliokutana nao walinipisha.

Mokami aliponiona kwa mbali alijaribu kusimama na goti likamkataa. Nikamwekea mapajani. Akaligusa shina, akaligusa tunguu kwa vidole, akafumba macho.

"Mniko," akasema. Machozi yakamtoka, na mimi yangu yakanitoka. "Zizi walilibakiza? Ulipajuaje?"

"Mawe, Mama. Mawe ya mlangoni. Yapo mawili, bapa."

Mkono wake ukasimama. "Mawe ya mlangoni yalikuwa marefu. Walikwenda nayo, niliyaona kwenye lori." Akafumbua macho. "Hayo bapa, juu yake yamelainika?"

"Yamelainika kabisa."

"Upande wa juu au wa chini?"

"Wa juu. Wa chini palikuwa pameshalimwa pote."

Kuku akaja akakanyaga udongo wake uliofagiwa na hakumfukuza. Halafu akalichukua lile tunguu mapajani mwake, kwa mikono miwili, akaniwekea mimi mapajani.

"Hayo ni mawe yangu ya kuogea," akasema. "Nyuma ya nyumba yangu."

Mkwe hakanyagi nyuma ya nyumba ya mama mkwe, penye mawe ya kuogea. Ni heshima. Miaka yote ile sikuwahi kupita pale hata nikikimbiza kuku. Ningeyatambuaje?

"Huyu si wangu, Wegesa. Huyu ni wako. Ndiye yule uliyekuwa unaniuliza."

Sikuelewa, halafu nikaelewa. Nililitazama lile ua.

"Nilimzika mwenyewe," akasema. "Nikaenda porini nikachimba lingine. Kila jioni nikioga nilikuwa nampalilia."

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipiga kelele, majirani wakatoka nje. "Miaka yote nalia, na wewe unaoga pale, kwa nini hukuniambia?"

"Mimi pa Mniko nilipajua," akasema Mokami. "Nikawa nakwenda kukaa pale. Nilikaa sana. Sikuzaa tena."

Akaniambia nipande, lisikae juani. Nikapanda hapo alipoandaa, kwenye kitanda cha Mniko. Nikashindilia pembeni, nikaacha shingo juu. Nikakaa nimeshika udongo. Mtoto wangu alikuwa hapa, mlangoni kwangu, naweza kumgusa, na nilikuwa nafurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilipoinua kichwa Mokami alikuwa amekaa na mikono mitupu, imefunguka mapajani, na kucha zake bado zina udongo wa kitanda alichokiandaa. Alikuwa anatazama mlimani, trekta lilikuwa limewashwa tena na linasikika.

Wingu lilikuwa limeanza kushuka. Nikasimama, nikajifunga kitenge, nikachukua jembe.

"Mvua hiyo," akasema Mokami. "Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta mume wangu."